Ovaroli Safi Kuliko Zote Matisi

Ukitaka kumwona Nasike akiwaka, mwambie nguo aliyoifua haikutakata. Mengine yote aliweza kuyavumilia, hata ugonjwa. Mwaka wa 2005, daktari alipomweleza kwamba utando unaofunika pafu lake la kulia umeota uvimbe mbaya, na kwamba uvimbe wa aina hiyo huletwa na vumbi la asbestosi, mama huyu hakulia wala hakuomba maji. Aliketi wima kitandani kama anayepigwa picha, akauliza:

"Vumbi gani hiyo, daktari? Na kwangu mtu anaweza kula ugali kwa sakafu?"

Nelima, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi kule Misikhu, aliinamisha uso akacheka huku machozi yakimtoka. Huyo ndiye mama yake.

Vumbi lilitoka Dumu. Hicho kilikuwa kiwanda kilichojengwa nje kidogo ya mji wa Kitale, kikitengeneza mapaa ya saruji iliyochanganywa na asbestosi, na nembo yake ilikuwa ndovu aliyesimama juu ya nyumba bila nyumba kuvunjika. Wakhungu, mume wa Nasike, alifanya kazi pale tangu ujana wake, akiyakata mapaa hayo kwa msumeno. Familia ilipanga nyumba mtaani Matisi, na kila jioni Wakhungu alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Alipostaafu walirudi kwao Sirisia, upande wa Bungoma, walime mahindi yao kwa raha, lakini raha yenyewe haikukawia kuisha. Mapafu ya Wakhungu yalikataa kazi. Alipofariki, Dumu walikuja. Walileta jeneza la heshima, wakalipa fidia ya mfanyakazi, wakatoa na hotuba.

Nasike naye aliposhikwa na vumbi lile lile, Nelima aliwaendea ofisini. Walimjibu kwa adabu sana, adabu ile inayouma kuliko tusi. Walimwambia mama yake hakuwa mfanyakazi wao. Hakupita lango lao hata siku moja. Hawamjui, na kampuni haiwezi kubeba mzigo wa mtu isiyemjua.

Kwamba hakupita lango ni kweli. Wake wa Dumu waliwapitishia waume zao chakula kwenye matundu ya ua wa waya, nao askari wa langoni wakiwafukuza kama kuku. Lakini hilo neno la kutomjua lilimkaa Nasike kooni.

"Ati hawanijui?" alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache kwa kukosa pumzi. "Mimi? Si ni wao walinipigia makofi?"

Hapo ndipo alipokata shauri kwenda kortini. Habari ya pesa aliwaachia watoto. Yeye alitaka jambo moja: Dumu wasimame mbele ya watu waseme wanamjua, naye awepo, asikie kwa masikio yake mwenyewe kabla hajafa.

Makofi yenyewe yalikuwa hivi. Kila Jumatatu asubuhi msimamizi wa Dumu alisimama langoni akiwakagua wanaume. Mwenye ovaroli chafu alirudishwa nyumbani, na malipo ya siku hiyo yakaenda na upepo. Kampuni ilikuwa na wageni wake wakubwa, ikapenda ionekane nadhifu. Kufua kuliachiwa wake, kwa sabuni ya kununua wenyewe. Kisha kila Desemba, katika uwanja wa mpira mkabala na kiwanda, meneja mwenyewe alimtuza mke wa mwanaume aliyewashinda wenzake kwa usafi. Na zawadi ilikuwa nini? Beseni la bati, lenye ndovu wa kampuni ubavuni. Umefua mwaka mzima mpaka viganja vimechubuka, unatuzwa beseni ili ufue zaidi! Lakini Matisi nzima ililimezea mate beseni hilo, na Nasike alilinyakua mwaka baada ya mwaka.

Maarifa yake aliyatoa kwa mama yake Sirisia, nayo yalifaa kabisa kwa vumbi la Dumu, kwa sababu vumbi hilo lilikuwa na saruji, na saruji ikiguswa na maji hushika. Ukiloweka ovaroli kabla ya kuitoa vumbi, itakauka ngumu kama mlango. Kwa hiyo Nasike aliitundika kwanza ikiwa kavu, akaichapa kwa fimbo, mbele na nyuma, kwenye mifuko na ndani ya mikono, wingu jeupe likimzingira na nywele zikimgeuka mvi za muda. Vumbi likiisha, ndipo aliitia majini. Jumatatu Wakhungu alipopita njiani, nguo ilimlalia mwilini kwa ulaini na kola iking'aa. Nasike alisimama mlangoni akimsindikiza kwa macho mpaka apotee kwenye kona. Hakuna wakati aliojiona mtu kamili kuliko huo.

Jirani yake Nyaruai hakuchapa. Huyu alikuwa mke wa Kabiru, fundi wa mashine hapo hapo Dumu, na wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri angali mtoto. Mwanzoni alijaribu kuchapa kidogo kidogo. Baadaye akaacha kabisa, akawa anaitumbukiza ovaroli majini na vumbi lake lote, na Jumatatu Kabiru alitembea mikono ikiwa mbali na mbavu, nguo imemkaukia kama gamba. Langoni alirudishwa mara nyingi.

Sherehe moja ya Desemba ndiyo iliyowaharibia ujirani. Meneja alimwita Nasike mbele, ikaletwa ovaroli iliyotoka kazini moja kwa moja, akaombwa awaonyeshe wenzake anavyochapa. Alichapa kama anayepiga ngoma. Uwanja ulilipuka kwa makofi. Akirudi kwake na beseni kichwani, kiburi kimemjaa hadi shingoni, alimpita Nyaruai amesimama kando, kimya, hapigi makofi. Nasike hakupenda.

"Na wewe Mama Loweka," alimwambia, kwa sauti iliyofika hadi kwenye milingoti ya goli, "mwaka ujao utachapa ama tutaendelea kuona Kabiru amevaa mbao?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Jina lilishika kuliko saruji. Watoto waliliimba, wauza mboga wakaliita, hata mchungaji likamponyoka siku moja madhabahuni. Wanawake wale wawili, waliokuwa wakiazimana chumvi na kulindiana watoto, hawakusemezana tena. Nasike alihama Matisi bila hata kuaga mlango wa pili.

Wakili waliyempata Kitale aliitwa Jepkemboi, mwanamke kijana aliyesema polepole kana kwamba kila neno linalipiwa ushuru. Alimweleza Nasike palipo na ugumu.

"Mama, ndani ya kiwanda waliwapa wanaume maski. Kwa hivyo vumbi waliijua ni mbaya. Yenye inabaki ni tuonyeshe walijua hiyo vumbi inatoka na nguo, inaenda nyumbani, inakupata wewe. Hapo ndio wamekataa. Wanasema ovaroli zilikuwa zinafuliwa huko huko ndani."

"Zinafuliwa na nani?" Nasike aliruka kwenye kiti mpaka kikohozi kikamkamata. Alipotulia alisema, "Na beseni zangu?"

"Wanasema beseni walipatia wateja wengi tu. Hata mtu hakufua anaweza kuwa nayo. Nelima alikuwa mtoto, tena ni wako. Tunataka mtu mwingine. Mke wa mfanyakazi, mwenye aliona."

Nasike aligeukia ukuta. Msimamizi wa langoni alikwisha kuzikwa, wake wengi walitawanyika na waume zao. Alibaki mmoja, pale pale Matisi, na kila mtu chumbani isipokuwa wakili alijua ni nani.

"Heri nife," alisema Nasike.

"Mama, hiyo ya kufa imeshafika," Nelima alimjibu. "Chagua ingine."

Ilimchukua wiki nzima kuchagua. Hatimaye alipiga moyo konde, akavaa gauni lake la buluu, Nelima akaazima gari la mwalimu mwenzake, wakaenda.

Nyaruai alikuwa na kiduka cha unga na sukari, na mbele yake vijana walirekebisha baiskeli. Alimwona Nasike akishuka garini, akaona alivyokonda, akaona jinsi anavyosimama kila hatua kuvuta hewa. Aliinamia mizani yake, akaendelea kupima sukari.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kwako, Mama Kui."

Kijiko kilisimama hewani. Kui alikuwa binti yake wa kwanza, sasa ana watoto wake, na Matisi ilikuwa imesahau kabisa kwamba mama yake ana jina.

"Umesema nani?"

"Mama Kui."

"Sema hao vijana wasikie."

Ikiwa kuna kitu Nasike alikichukia maishani, ni kuamrishwa. Alisimama kidogo akipigana na roho yake. Kisha akageuka, akakusanya pumzi yote iliyobaki, akawaambia wale mafundi wa baiskeli: "Nyinyi! Huyu anaitwa Mama Kui! Mimi ndio nilimharibia jina, na leo nimeirudisha!" Pumzi ikamwishia, akayumba. Nyaruai alizunguka kaunta mbio, akamwahi na kigoda kabla hajafika chini.

Alimpa chai ya moto, akamsikiliza hadi mwisho.

"Wanasema hata nguo sikufua," Nasike alimalizia.

"Hiyo ni uongo kubwa!" Nyaruai aliwaka. "Mimi nimekuchukia hii miaka yote, sikufichi. Lakini kufua, ulifua." Alikunja na kukunjua pindo la leso yake ya kiunoni. "Nitakuja. Kuna kitu niliona hiyo siku ya makofi. Lakini nitasema mbele ya jaji. Kwako siwezi, nitalia."

Siku ya kesi, Nasike aliwekewa mto kwenye benchi la mbele. Gauni la buluu lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ikaweza kukata mkate. Alimsimamia Nelima akilipiga, na mara mbili alimrudisha. Wakili wa Dumu alikuwa mwanaume mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kutabasamu kabla ya kuuliza. Meneja mpya wa kampuni aliketi nyuma yake.

Jepkemboi alimwomba shahidi ataje jina lake.

"Naitwa Nyaruai, mama ya Kui. Lakini ukija Matisi uulize Mama Loweka, ndio utaonyeshwa kwangu."

"Kwa nini wanakuita hivyo?"

"Juu nilikuwa naloweka ovaroli ya bwana yangu bila kuchapa vumbi. Huyu Mama Nelima alikuwa anachapa, ananishinda kila mwaka. Yeye ndio aliniita hiyo jina, mbele ya kampuni yote, na meneja mwenyewe alicheka." Alimgeukia jaji. "Sasa mimi nauliza, Mheshimiwa. Mtu anaweza kuitwa Loweka na ovaroli haijawahi fika kwake?"

Ukumbi ulicheka, na hata jaji, mwanamke wa makamo mwenye uso usiojua mzaha, aliinamia kalamu yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nasike hakucheka. Alikuwa akilitazama lile tusi lake limesimama kizimbani, likimtetea.

Wakili wa Dumu aliinuka, akatabasamu.

"Mama, basi tuseme zilifuliwa nyumbani. Wewe uliloweka, na uko mzima. Mlalamikaji alichagua mwenyewe kuchapa. Kampuni inaingia wapi hapo?"

"Meneja alimuweka mbele achape. Akatuambia, fanyeni kama huyu."

"Na wewe ukakataa. Kwa uvivu, ama kwa wivu?"

"Wivu nilikuwa nayo, siwezi danganya korti. Lakini niliona hankachifu."

"Hankachifu gani?"

"Ya meneja." Nyaruai alishika ukingo wa kizimba. "Mama Nelima akianza kuchapa, vumbi ikaruka. Watu walikuwa wanaangalia yeye. Mimi nilikuwa nimekasirika, sikutaka kumuangalia, nikaangalia meneja. Alirudi nyuma, akatoa hankachifu nyeupe kwa mfuko, akafunika pua na mdomo. Akangojea vumbi iishe ndio akaitoa, akapiga makofi. Nikajiuliza, mbona yeye anafunika na sisi hatuambiwi tufunike? Kutoka hiyo siku nikasema, kwangu fimbo hairudi. Nitaloweka hata Kabiru akifukuzwa kila Jumatatu."

Tabasamu la wakili halikurudi. Alitazama karatasi zake, akaketi.

Jaji aliuliza mwenyewe. "Ulimwambia mlalamikaji ulichoona?"

Nyaruai alimtazama Nasike, na ule uso mkavu wa dukani ukaanza kutetemeka.

"Sikumwambia, Mheshimiwa. Nilikuwa namngojea apite, nimwambie. Ndio akaniita hiyo jina."

Nasike alihisi kama amemwagiwa maji baridi. Alijiona pale uwanjani, fimbo mkononi, uso ameuinua, akila makofi kama mtoto anavyokula sukari. Hakumtazama meneja hata mara moja, kwa kuwa alikuwa akiwatazama wanaomsifu. Hasira ilimpanda, dhidi ya Nyaruai kwanza, kisha dhidi yake mwenyewe, na ilipomaliza kuzunguka ilikwenda ikatua palipostahili. Mtu alijua. Alisimama hatua chache kutoka kwake, akajifunika pua, akamwacha achape.

Jepkemboi alipomwita kizimbani, Nasike alikataa kushikwa mkono. Alitembea mwenyewe.

Wakili wa Dumu alikuwa na swali moja. "Mama, kama ungeloweka kama mwenzako, leo hungekuwa mgonjwa. Unakubali?"

"Nakubali." Alivuta pumzi. "Na bwana yangu angerudishwa kwa geti, kama bwana ya huyu." Akavuta tena, na ukumbi mzima ukamngoja. "Mlitaka ovaroli safi. Mimi nikawapatia safi kuliko zote. Hiyo kazi niliifanya vizuri, na sijutii, na hakuna mtu hapa atanifanya nione haya. Haya ni ya yule alijua ni sumu akanyamaza. Mpelekee yeye."

Hukumu ilisomwa mwezi wa nane mwaka wa 2006, mahindi ya Kitale yakiwa yamebeba. Nasike alikuwa amedhoofika, akaingizwa kwa kiti cha magurudumu, lakini gauni lilikuwa lile lile na mikunjo ile ile. Nyaruai aliketi ubavuni pake. Jaji alisoma kwa Kiingereza kirefu, kisha akaiweka miwani mezani akasema kwa Kiswahili, ili aliyehusika asikie.

"Kampuni inayomkagua mwanaume nguo kila Jumatatu inajua kuna mtu anayezifua Jumapili. Inayomtuza mtu huyo haiwezi kusema haimjui. Huyu mama hakupita lango la Dumu. Vumbi la Dumu lilipita, likamfuata nyumbani kwake, na jukumu la kampuni lilipaswa kulifuata. Dumu inawajibika kwake kama ilivyowajibika kwa mumewe." Alimgeukia wakili mrefu. "Kampuni yako inamjua huyu mama?"

Wakili alinong'onezana na meneja. "Inamjua, Mheshimiwa."

"Huyo meneja aseme mwenyewe."

Meneja alisimama. Alikuwa mtu mzima, mwenye koti zuri, na hakujua mikono aiweke wapi. "Tunakujua, Mama Nasike," alisema.

Nasike alinyoosha mgongo kwenye kile kiti mpaka ukadhani atasimama. Alimtazama meneja kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama msimamizi wa langoni siku ya Jumatatu. "Sawa," alisema. Furaha ilimjaa mpaka ikauma, na hakujali nani anayemwona akilia.

Jumamosi iliyofuata Nyaruai alifika Sirisia na mkungu wa ndizi. Alipiga hodi kwa Kibukusu cha Matisi, "Mulembe, Mama Nelima," akamkuta Nasike nje, kwenye kivuli cha nyumba, amefunikwa blanketi. Lile gauni la buluu lilikuwa kwenye kamba, limejaa vumbi la barabara ya kutoka kortini. Nelima alikuwa bado hajarudi kutoka Misikhu.

"Nguo kama hii inakaa hivi kwako?" Nyaruai alisema. "Dunia imeisha kweli. Lete beseni."

Nasike alimwonyesha kabati lililo ndani ya mlango. Beseni za ndovu zilikuwa zimepangwa pale, moja ndani ya nyingine, na tangu zitolewe hakuna iliyowahi kuguswa na maji. Zilikuwa za kutazamwa. Nyaruai alisita kuichukua ya juu.

"Chukua," alisema Nasike. "Ni ya kufulia."

Nyaruai aliteka maji, akaleta sabuni. Halafu, kwa heshima ya bingwa, akaokota fimbo uani, akaisogelea ile kamba.

"Leo nichape kama wewe, ufurahi?"

Nasike aliliangalia gauni, akaiangalia fimbo. Upepo wa Sirisia ulikuwa ukivuma kumwelekea jirani yake.

"Wacha fimbo," alisema. "Loweka hivyo hivyo, Mama Kui."

Nyaruai aliitupa fimbo, akalizamisha gauni majini, akaanza kufikicha. Nasike aliegemea ukuta akimtazama, jicho moja limefumbwa, jingine liko kazini.

"Lakini hiyo kola," alisema baadaye, "uirudie."

Nyaruai alicheka, akairudia.